Marehemu Ndiye Mwenye Shamba?

Iko kasumba iliyoota mizizi katika vijiji vya pwani ya Tanga, na haina budi ielezwe bila ya kuoneana haya. Mtu akikwisha kupimiwa shamba na kukabidhiwa hati ya hakimiliki ya kimila, hati ile hukunjwa ikatiwa sandukuni, na shauri likahesabiwa kuwa limekwisha. Siku mwenyewe akifariki, watu huzika, husoma hitima, hugawana nazi. Daftari la ardhi hapana anayelikumbuka. Miaka hupita, na katika kitabu cha kijiji mwenye shamba ni mtu aliyeko kaburini.

Huo ni uzembe, na wapo wanaoneemeka nao.

Ushongo, kusini ya mto Pangani, ilijulikana kwa minazi na ngalawa. Leo hoteli za watalii zimejipanga ufukoni, na kile kipande cha mchanga ambacho babu alikiona hakifai hata kupanda muhogo ndicho kinachowaniwa. Mlanguzi wa ardhi hamwendei mtu aliye hai, mwenye hati na ulimi wake. Humwendea marehemu. Humtafuta mtoto mmoja kati ya saba, au mpwa mwenye shida, akampa fedha kidogo na karatasi ya kutia dole gumba. Wale sita wengine hupata habari wakati minazi imekwisha kukatwa.

Sheria haikunyamaza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inatamka kwamba haki ya kimila hurithiwa, na kwamba mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu. Warithi hukutana, humteua mmoja wao, Mahakama ya Mwanzo ikamthibitisha kuwa msimamizi wa mirathi, naye akaipeleka barua ya mahakama kwenye masjala ili jina la marehemu liondolewe. Kanuni za 1971 zinampa miezi minne kutoa hesabu mahakamani, isipokuwa akiongezewa muda. Lakini wako wasimamizi ambao wakishaipata barua ile huiona kuwa ni taji. Msimamizi ni mtumishi wa warithi. Kama naye ni mrithi, chake ni fungu lake tu.

Anayeumia kwanza ni mjane. Aliyepalilia ni yeye, aliyechuma ni yeye, na kwa sheria ya Kiislamu ana thumni yake ikiwa marehemu ameacha watoto. Bila ya jina lake kuandikwa popote, huipata thumni hiyo kwa hisani ya shemeji. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inaruhusu mke na mume kuandikwa wamiliki wa pamoja, na hapo mmoja akifa, aliyebaki hubaki na ardhi. Wakiandikwa kila mtu na hisa yake, hisa ya marehemu huingia katika mirathi. Ni waume wangapi walioulizwa tofauti hiyo siku ya kujaza fomu?

Mwaka 1895 Mjerumani alitangaza kwamba ardhi isiyokuwa na mwenyewe ni mali ya Dola yake. Mkonge, uliopandwa Kikogwe karibu na Pangani mwaka 1893, ulipata hati. Minazi ya mwenyeji haikupata. Wazee wale walidhulumiwa kwa kukosa karatasi. Mjukuu wao anayo, anaiacha iliwe na mchwa.

Na wanaoongoza katika uzembe huu si wazee wasiojua kusoma. Ni mwalimu aliyeko Korogwe na karani aliyeko Dodoma, wanaovuka kivuko siku ya Idi, wakanywa madafu ya shamba la baba yao aliyefariki zamani, kisha wakarudi kazini. Huona haya kuiulizia hati wasije wakaambiwa wana pupa ya kurithi. Haya hiyo mlanguzi hanayo.

Mtendaji wa kijiji naye asijifiche nyuma ya meza akisema anawangoja warithi waje ofisini. Daftari analo, na mazishini alikuwapo.