Kituo Kipo Mashineni

"Unasaga nini, mzee?"

Kijana wa mashineni aliniuliza hivyo huku akijifuta unga kwenye kope. Sikuwa na mahindi wala muhogo. Nilikuwa na gari dogo la umeme, mtumba wa Japani, lililobakiwa na kilomita 31 kwenye dashibodi, na ilikuwa saa kumi alasiri katika kijiji kimoja kati ya Chalinze na Segera. Gesti niliyolala usiku uliotangulia walinikatalia kuchaji. Mwenyewe alihofia uniti zake za LUKU, wala sikumlaumu sana. Kijana akalizunguka gari, akachungulia tundu la chaji pale puani, akacheka. "Basi tukusagie umeme."

Tulikaa hadi saa nne usiku. Tulisoma mita kabla na baada: uniti 18. Kazi ikawa bei, kwa kuwa pale hakuna aliyewahi kuuza kitu cha namna hiyo. Mwisho mama mwenye mashine akakata shauri: nilipe kama niliyesaga madebe manne. Nikalipa bila kubisha.

Toleo hili linahusu safari za nje ya mji kwa vyombo vya umeme. Ofisi yetu ipo Gerezani, katikati ya gereji, maduka ya spea na mafundi wa kuchomelea, na siku hizi kila anayeingia mlangoni anauliza jambo moja: nikitoka Dar, nitachaji wapi? Ndani ya jiji swali hilo halina uzito. Dereva wa bajaji ya umeme anaichomeka usiku kwake Buguruni au Mbagala, asubuhi yuko Msimbazi. Treni ya umeme inayokwenda Morogoro tangu 14 Juni 2024 imetandikiwa nyaya zake njia nzima. Mwenye gari la kwenda Handeni, Ifakara au Liwale hana nyaya. Ana simu yenye ramani ya vituo, na ramani hiyo, ukishavuka Chalinze, karibu yote ni nyeupe.

Weupe huo ndio ninaoubishia. Ramani imechorwa na watu wanaotafuta kibanda chenye paa la rangi na nembo ya kampuni. Wangetafuta umeme wenye nguvu, wangeukuta kwenye mashine ya kusaga.

Gari la petroli nalo lilianza bila vibanda. Tarehe 10 Agosti 1907 ofisa wa Kijerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa gari, akafika Swakopmund, pwani ya Atlantiki, tarehe 1 Mei 1909. Pampu zilikuwa bado. Ilibidi petroli itangulizwe na kuwekwa akiba njiani. Baadaye mafuta yakawa yanauzwa madukani katika madebe ya galoni nne, na debe tupu likabaki kuwa kipimo cha mahindi mpaka leo. Yule mama aliponipimia umeme kwa madebe alikirudisha kipimo kilikotoka, ingawa sidhani kama alikuwa na habari hiyo.

Kwa nini mashine? Kwa sababu ya fezi tatu. Nyumba ya kawaida kijijini ina fezi moja na soketi ya pini tatu ya ampea 13. Ukiibana soketi hiyo saa nane mfululizo inapata moto na plastiki inaanza kunuka. Mwenye busara anachaji kwa ampea 10, yaani kilowati 2.3, na uniti 20 zinamchukua karibu saa tisa. Mashine yenye mota ya hospawa 20 imevutiwa umeme wa kubeba kilowati 15 kutwa nzima. Fundi akiweka pale soketi nene ya buluu ya ampea 32, ile ya viwandani, pamoja na swichi yake ya kukata, anapata kilowati 7 kutoka fezi moja tu. Uniti zile zile 20 zitaingia kwa saa tatu, kama gari lenyewe lina uwezo wa kuzipokea, na kwa gari dogo hizo ni zaidi ya kilomita 100. Tena mota ikizimwa jioni, waya ule unalala bure hadi asubuhi.

Kinachokwamisha mara nyingi ni arthi. Chaja ya kubeba hupima waya wa arthi kabla ya kuruhusu umeme upite. Waya usipokuwepo, au ukiwa wa jina tu, taa nyekundu inawaka na mgeni anadhani gari limemharibikia. Ndivyo ilivyonikuta. Fundi wa kijiji alifukua ile fimbo ya shaba nyuma ya ukuta, akakuta waya umekatika zamani, akauunga, akamwagia ardhi ndoo mbili za maji. Taa ikageuka kijani. Vijana wetu wa Gerezani wanaokimbilia kusoma kompyuta za magari haya waanzie hapo, kwenye fimbo na ndoo.

Wapo wasomaji watakaosema tungoje vituo vya chaji ya haraka. Tuvidai, sawa, Chalinze, Mikumi na Makambako. Ila chaja ya haraka ina mdomo wake. Mitumba mingi ya Japani inataka CHAdeMO, magari yaliyoundwa kwa soko la China yanataka GB/T, ya Ulaya yanataka CCS2. Kituo kikiweka mdomo mmoja, wateja wengine watakitazama na kupita. Soketi ya kawaida haina ubaguzi huo, kwa kuwa dereva anaweza kutembea na waya wake mwenyewe. Na kungoja kwenyewe tumekuonja: magari ya gesi yaliongezeka hapa Dar kwa kasi kuliko vituo vya kujazia, tukaona bajaji zikipoteza saa nzima nzima za kazi kwenye mstari.

Umeme si kisingizio tena. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla megawati 2,115, na serikali inasema vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa. Nakiri kwamba kijiji kufikiwa si kila nyumba kuunganishwa, wala si fezi tatu kila mahali, na mwisho wa laini umeme hushuka jioni televisheni zinapowashwa. Ndiyo maana ni heri kuchaji usiku wa manane.

Imebaki ruhusa, na bei. Kenya, mwaka 2023, mdhibiti wao wa nishati, EPRA, aliweka bei maalumu ya kuchaji vyombo vya umeme: shilingi 16 za Kenya kwa uniti, na 8 katika saa ambazo matumizi ni madogo, kabla ya tozo. Kwetu mwenye mashine wa kundi la bei la T1 hununua uniti kwa shilingi 292 kabla ya kodi na tozo. Akimchomekea mpita njia, hajui kama ameuza huduma au ameuza umeme, na kuuza umeme ni shughuli yenye leseni. Hata akitoza mara mbili ya bei hiyo, uniti zangu 18 zingekuwa shilingi 10,512. Gari la petroli la ukubwa ule lingetaka lita saba au nane kwa mwendo huo huo. Faida ipo kwa wote wawili. Tunaiomba EWURA, mdhibiti wetu wa nishati, itoe ukurasa mmoja wa Kiswahili unaosema wazi kwamba mwenye mita ya biashara anaruhusiwa kuchaji gari la mgeni, kwa soketi ya aina gani, kwa nyongeza isiyozidi kiasi gani, na kwamba fundi wa TANESCO wa wilaya ataipima arthi na kubandika karatasi ukutani. Ukurasa mmoja unatosha, waheshimiwa.

Sisi tumefungua daftari la mashine, lipo ukurasa wa mwisho. Msomaji ukipita kijijini, hata kwa basi, tazama mashine iko wapi, ina fezi ngapi na soketi gani, uulize kama arthi imewahi kupimwa na mwenyewe anataka shilingi ngapi. Muombe ruhusa kabla ya kumwandika. Kisha tuletee hapa Gerezani kwa mkono wako, au umpe dereva wa basi unayemwamini. Mpaka tunakwenda mitamboni daftari lina mstari mmoja, wa yule mama wa madebe manne. Juzi alinipigia simu kuniambia amenunua soketi ya buluu.