Wembe hauhitaji nguvu zako

Kama wewe ni mwanamume, huenda sasa hivi uko mbele ya kioo unanyoa ndevu. Basi leo naomba tutafakari pamoja habari ya wembe.

Kwa zaidi ya miaka ishirini nimenyoa kwa zile mashine za plastiki za kutumia na kutupa. Ndevu zangu ni za kipilipili. Zikikatwa hujikunja na kurudi ndani ya ngozi, na shingo hujaa vipele. Mwezi uliopita kinyozi wa mtaani kwetu alinishauri nijaribu mashine ya chuma, ile unayofungua kichwa ukaweka wembe mmoja mwembamba wenye makali pande mbili. Nikainunua. Jumapili asubuhi, siku ya zamu yangu ya kusoma masomo kanisani, nikaijaribu kwa mara ya kwanza.

Nilikandamiza kama nilivyozoea. Nikapitisha mara moja chini ya kidevu, damu. Nikapitisha tena, damu. Siku ile nilisoma Neno la Mungu nikiwa nimebandika vipande vya karatasi shingoni, na watoto wa Shule ya Jumapili wakinichekea kwa chini.

Kesho yake nilirudi kwa kinyozi kulalamika kwamba wembe ule ni mbaya. Akaitazama shingo yangu, akasema: "Mzee wangu, wembe hauna kosa. Umeukandamiza. Huo hauhitaji nguvu zako, uzito wa mashine unatosha. Anza kwa maji ya uvuguvugu, paka povu, inamisha mashine kidogo, fuata ndevu zinakoelekea, kisha uache wembe ufanye kazi yake."

Msomaji wangu, maneno hayo yalinirudisha nyuma miaka minne. Katika usharika wetu binti mmoja wa kwaya alipata mimba kabla ya ndoa. Mimi nilikuwa miongoni mwa wazee wa kanisa walioketi kuamua. Mama mmoja katika kikao aliomba twende kwanza nyumbani tukazungumze naye. Nikamjibu, na wengine wakacheka: "Mtoto akililia wembe, mpe."

Jumapili iliyofuata jina la binti lilisomwa mbele ya watu wote, mama yake mzazi akiwa ameketi benchi la tatu. Jina la kijana aliyempa mimba, naye wa kwaya ile ile, halikusomwa. Tangu siku hiyo binti hakukanyaga tena kanisani.

Kwa muda mrefu nilijifariji kwamba tulisema kweli. Ndiyo, tulisema kweli, ingawa nusu yake. Lakini methali ile niliitumia vibaya. Wembe haukuwa mkononi mwa mtoto. Ulikuwa mkononi mwangu.

Najua wapo watakaosema mwandishi huyu anataka kanisa linyamazie dhambi. La hasha. Waraka kwa Waebrania, sura ya 4, unatufundisha kwamba Neno la Mungu ni kali kuliko upanga wenye makali kuwili. Hakuna aliyeturuhusu kulifanya butu. Ila kwa kuwa lenyewe ni kali, halihitaji tuongeze hasira zetu juu yake.

Itazame tena mashine hiyo ya chuma. Zamani watu walinyoa kwa kisu cha wembe kilicho wazi, na mkono ukiteleza ni jeraha. Baadaye zikatengenezwa mashine zenye kinga, kisha Mmarekani King Gillette, aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1901, akaleta wembe mwembamba wa kubadilisha. Mwaka 1903 aliuza mashine 51 tu, lakini baadaye zikaenea dunia nzima. Makali hayakupunguzwa. Wembe uliwekewa kinga, ili uguse ndevu na kuiacha ngozi salama.

Bwana Yesu naye alituwekea kinga. Soma Mathayo 18, kuanzia mstari wa 15. Ndugu yako akikosa, mwendee kwanza mkiwa wawili tu. Asiposikia, nenda na mtu mmoja au wawili. Akikataa, ndipo ulieleze kanisa. Sisi tulianza na hatua ya mwisho. Paulo naye, katika Wagalatia 6:1, anataka aliyeanguka arejezwe kwa upole, na anayemrejeza ajiangalie mwenyewe. Nani kati yetu wazee alijiangalia siku ile?

Kwa maoni yangu, usharika wowote unaosoma majina madhabahuni kabla ya mtu hata mmoja kubisha hodi nyumbani kwa mhusika hauonyi. Unakata ngozi.

Alhamisi iliyopita nilibisha hodi, nikiwa nimechelewa miaka minne. Binti alinikaribisha, akanipa chai. Mtoto wake alikuja kushika vidonda vya kidevuni mwangu, akauliza nimefanyaje. Nikamwambia nilitumia nguvu mahali pasipohitaji nguvu. Kisha nikamgeukia mama yake, nikamwomba msamaha. Alilia kidogo. Hakusema atarudi kanisani, nami sikumuuliza.

Mpendwa, huenda leo baada ya ibada kuna mtu umekusudia kumwambia ukweli wake: mwanao, mwenzi wako, jirani au mwanakwaya. Mwambie. Lakini nenda peke yako, uwe umeomba, na uanze na maji ya uvuguvugu. Ukiona mkono wako unataka kukandamiza, uondoe kwanza. Ukweli wa Mungu una uzito wake wa kutosha.