Wembe Juu ya Kioo

Imezoeleka katika ofisi za wachoraji ramani za majengo kwamba mwanagenzi hufundwa kwa kuutazama mkono wa mwalimu, si kwa kuuliza. Mwalimu alifanya hivi, basi ni hivi. Akitokea wa kuuliza hutupiwa methali: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo imewanyamazisha wengi ambao guu lao lilikuwa zima.

Karatasi ya A1 ina urefu wa milimita 841 tu. Nyumba ya mita 20 haikai humo ila ipunguzwe, tuseme mara 50, iwe milimita 400. Kupunguza huko hakukuwa hekima; kulikuwa ufinyu wa karatasi. Programu ya AutoCAD, iliyotoka mwaka 1982, haina ufinyu huo: ukuta huchorwa kwa urefu wake halisi, ukapunguzwa siku ya kuchapwa. Hata hivyo wako wanaokaa mbele ya kioo cha kompyuta wakigawa kila kipimo kwa 50, kwa kuwa marehemu mwalimu aligawa.

Hilo hupoteza saa. Liko linalodhuru zaidi. Juu ya kalka, kosa la wino lilikwanguliwa kwa wembe, na kalka ikikwanguliwa mno hutoboka. Ndiyo maana mwalimu, ukuta ukibadilika kidogo, aliuacha mstari ulivyo akabadilisha tarakimu, kisha akaipigia mstari chini kuonya kwamba mchoro na kipimo havilingani. Ilikuwa hila halali, na onyo lake lilikuwamo. Mwanagenzi ameirithi hila, onyo amelisahau. Programu humpimia ukuta yenyewe. Yeye huifuta tarakimu ya kweli, akaandika 3.60 juu ya ukuta wa 3.45. Mkadiriaji anayepima ndani ya faili atahesabu matofali ya ukuta mmoja, na fundi anayesoma karatasi atajenga mwingine. Sentimita 15 hizo atazilipa mwenye nyumba, ambaye hata hajui kama palikuwa na mwalimu.

Watetezi wa desturi husema kuuliza ni kumvunjia heshima aliyefunza. Lakini walimu hao wenyewe, ujanani mwao, waliitupa kalamu ya kuchovya wakashika Rotring inayobeba wino wake, wala hawakwenda makaburini kuomba idhini.