Miguu ya Kitanda na Amana ya Fundi



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wake (s.a.w.), juma hili twaitikia ombi la mama mmoja mjane wa Kibwezi, katika kaunti ya Makueni. Mwanawe ni mkereza. Aliagizwa kitanda cha arusi chenye miguu ya kukereza, naye mama akauza mbuzi wawili ili zipatikane mbao za mukau. Kitanda kimerejeshwa: miguu yakwaruza, hunasa shuka na kanga. Kijana sasa ataka kuifunika kwa rangi ya viatu na vanishi nzito, kisha amuuzie mtu mwingine asiyejua. Mama atuuliza: amwambie nini mwanawe?

Kwanza tuujue mti. Mukau, jamaa ya mwarobaini, ni mti wa asili wa nchi kavu za Kitui na Makueni. Hukua upesi na mchwa hawaupendi. Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, kwa msaada wa Wajapani, imepanda mashamba ya mbegu zake bora huko Tiva, Kitui, na Kibwezi. Lakini mbao zake zina vitundu vilivyo wazi, navyo ni mapito ya maji ya mti ulipokuwa hai. Chuma butu hakikati hapo, hung'oa nyuzi.

Basi na airejeshe miguu kwenye kerezo. Anoe patasi, na ainoe tena kabla ya mkato wa mwisho. Mkato huo uwe mwembamba, nao ushuke kutoka penye unene kwenda penye wembamba, ili kila uzi uegemee wenzake. Uzi uliong'oka hauponywi na msasa.

Baada ya hapo atumie msasa wa namba 120, kisha 180, 240 na 320, bila kuruka hata mmoja. Kila abadilishapo, asimamishe mashine, apanguse vumbi, asugue kwa mkono kufuata uzi wa mti. Baada ya 180 apitishe kitambaa chenye unyevu. Nyuzi zilizolala zitasimama, na zikishakauka 240 itaziondoa.

Vitundu vijazwe kwa unga wa mti wenyewe. Mashine ikiwa imesimama, apake mafuta ya kitani, asugue kwa msasa wa 320 mafuta yangali mabichi. Vumbi na mafuta vitakuwa uji utakaoingia vitunduni. Afute uliozidi kwa kukingama uzi, aache siku kadhaa hadi ukauke, kisha arudie. Mwisho apake nta ya nyuki, ambayo Kitui haiadimiki.

Nanyi akina mama mnaoingia karakanani, jihadharini. Mtandio, kanga na mikono ya kanzu visikaribie mashine izungukayo. Pua zifunikwe kwa ajili ya vumbi. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani visirundikwe ndani, kwani huweza kushika moto vyenyewe. Vianikwe nje vikiwa vimekunjuliwa.

Yabaki ya amana. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akatia mkono ndani, akakuta unyevu uliofichwa chini. Alimkemea muuzaji kwa kutouweka juu watu wakauona, na akajitenga na mwenye kughushi. Kujaza vitundu kwa unga wa mti si ghushi, kwa kuwa ni sehemu ya ufundi. Ghushi ni kuuficha mti uliong'oka chini ya rangi ili mnunuzi asiutambue.

Kwa hiyo, mama yetu, mwambie mwanao amwendee mteja wa kwanza, akiri kosa, na amweleze kuwa miguu itapungua unene kidogo kwa kukatwa upya. Akiridhika, ni heri. Asiporidhika, arejeshewe kitangulizi chake, hata kama ni kwa mafungu mliyoafikiana. Twajua hasara ya mbuzi wawili ni nzito katika nyumba ya mjane. Lakini kijana huyu ataishi kwa mikono yake miaka mingi, na jina likichafuka Kibwezi halisuguliwi kwa msasa.

Nabii Zakariya (a.s.) alikuwa seremala. Kazi ya mwanao ina heshima yake, na ailinde.

Wabillahi tawfiq.