Maspika Wasiwaachie Majaji Kazi Yao

Kila Bunge la Taifa linapokwaruzana na Seneti, tunaambiwa ni wivu wa wanasiasa. Huo ni udanganyifu. Kosa lipo, na lina mwenyewe.

Kifungu cha 110 cha Katiba ya Kenya ya 2010 hakina fumbo: kabla mswada haujajadiliwa, maspika wawili wakubaliane kama unagusa kaunti. Ukigusa, Seneti ina sauti. Usipogusa, unabaki kwa wabunge 349 peke yao. Na kwa kuwa mswada wa fedha huanzia Bunge la Taifa, kishawishi ni kikubwa: ubandike jina la fedha, maseneta 67 wabaki mlangoni.

Mwaka 2013 Bunge la Taifa lilipuuza mabadiliko ya Seneti kwenye mswada wa mgao wa mapato, Rais Uhuru Kenyatta akautia saini. Novemba mwaka huo Mahakama ya Juu ikashauri kwamba Seneti ilipaswa kushirikishwa. Ushauri uliingia sikio hili ukatokea lile. Oktoba 29, 2020, Mahakama Kuu ikabatilisha sheria 23 kwa kosa lile lile. Rufaa ilinusuru baadhi, lakini nchi iliendeshwa kwa sheria zinazoning'inia.

Seneti nayo si malaika. Mwaka 2020 ilikwama kwa wiki kadhaa kuhusu fomula ya kugawa fedha. Hata hivyo, tazama inavyopiga kura kwa miswada ya kaunti. Inaitwa kaunti, si mtu. Kiongozi wa ujumbe anasimama, anatoa kura moja. Seneta mteule wa kaunti hiyo, aliyeketi hatua chache kutoka kwake, hana ya kwake. Lamu ina uzito wa Nairobi. Katika Bunge la Taifa vinahesabiwa vichwa, na Lamu humezwa. Anayeiruka Seneti anamruka Mlamu.

Gharama ya mvutano wa mabunge haya mawili tuliiona 2019, kwenye mswada wa mgao wa mapato. Wabunge walitaka kaunti zipewe Sh310 bilioni, maseneta Sh335 bilioni. Julai 1, mwanzo wa mwaka wa fedha, ikafika bila sheria. Mwafaka wa Sh316.5 bilioni ukapatikana Septemba.

Spika wa Bunge la Taifa asiruhusu mjadala wa mswada wowote kabla ya barua yenye saini mbili kuwekwa mezani. Karani asiuingize kwenye ratiba. Na ukifika Ikulu bila barua hiyo, Rais aurudishe ulikotoka.