Ubao wa gitaa usomeni kama kikwembe



Juma hili kona yetu inaongea juu ya gitaa. Hatufundishi kulipiga, hiyo kazi tunawaachia vijana wa kwaya. Tunaongea juu ya uzuri wa ubao wake: ile mishipa ya mti inayoonekana chini ya vernisi, rangi yake na mng'ao wake. Tumechagua habari hii kwa sababu vikundi vyetu vingi vinachanga pesa za vyombo vya kwaya. Mama huyu analeta franka za maharagwe, yule za makala, mwingine za ndizi. Mwisho pesa zote anapewa kijana mmoja aende Goma kununua gitaa la solo na besi. Anarudi na kitu kinachong'aa, vigelegele vinapigwa, na hakuna anayeuliza chini ya kule kung'aa kuna nini.

Sisi tunasema wamama wanaweza kuuliza, maana macho wanayo tayari.

Mama akienda sokoni kununua kikwembe hadanganyiki upesi. Anakigeuza aone kama rangi imepenya hadi upande wa pili. Anatazama pindo. Anakishika kwa vidole, anakipeleka kwenye mwanga. Kile cha bei nyepesi kina maua upande mmoja tu, nyuma kimefifia. Ubao wa gitaa nao unatazamwa hivyo hivyo.

Tena mbao si ngeni kwetu. Nani kati yetu hajui mpini wa jembe utakaovunjika? Ule ambao mishipa yake inakwenda mshazari. Mpini mzuri mishipa yake inatoka kichwani hadi mkiani bila kukatika. Mchi wa kutwangia ni vilevile, na watengenezaji wa chukudu wanajua hivyo hivyo wanapochagua mti wa usukani. Elimu hiyo tunayo bila kuiita elimu.

Mishipa hiyo inatoka wapi?

Mti ukiwa hai, maji yanapanda ndani yake kwa njia nyembamba sana, nyingi kupita hesabu. Ukiupasua kwa urefu, njia hizo ndizo zinazoonekana kama mistari. Miti mingine mistari yake imenyooka. Mingine, kama libuyu wetu wa Walikale, inakua kwa kuinamia upande mmoja miaka kadhaa, halafu inageukia upande mwingine. Ndiyo maana libuyu unamchosha mwenye randa: anaparaza vizuri hapa, akifika pale ubao unanyofoka. Lakini usumbufu huo ndio unaoleta uzuri. Ubao ukipasuliwa kwa kufuata njia ya kutoka kiini kwenda ganda, unatokea na mistari kama utepe, mmoja wa giza na mmoja wa mwanga. Ukiuinamisha, wa giza unageuka wa mwanga. Mti huo huo ukipasuliwa kwa njia nyingine, mistari ile haionekani, utaona mawimbi mapana tu. Kwa hiyo uzuri unatoka kwa mti, na pia kwa mkono wa mpasua mbao.

Miti yetu inayopigwa mbali

Wengi wetu tunafikiri magitaa mazuri yanatoka kwa miti ya Wazungu. Ni kweli kwa sehemu. Kule Marekani wanapenda mti uitwao mepo, ambao mishipa yake huweza kuonekana kama ndimi za moto au kama macho madogo ya ndege. Lakini msituni kwetu kuna ndugu zao.

Libuyu ni ukoo wa miti ambayo wafanyabiashara wa mbao wanaiita sapelli na sipo. Kampuni ya Taylor ya Marekani imetumia sapelli kwa miaka mingi kwenye magitaa yake ya sanduku. Mnamo 1958 kampuni ya Gibson ilitoa magitaa mawili ya umeme yenye umbo la ajabu, Flying V na Explorer. Mbao zake waliziita "korina", jina la biashara tu, maana mti wenyewe ni limba, unaoota pia Mayombe, mkoa wa Kongo Central. Magitaa hayo ya kwanza yalikuwa machache, na leo yanauzwa kwa bei ya nyumba kubwa. Nayo kampuni ya Warwick ya Ujerumani inajulikana kwa besi zake za mbao za bubinga na wenge, zote miti ya Afrika ya Kati. Wenge ni wa kahawia iliyokaribia weusi, wenye mistari myembamba kama ya kuchorwa kwa kalamu. Mnalijua jina hilo: ndilo jina la kundi Wenge Musica lililoanza Kinshasa mwaka 1981. Lakini sasa mti wa wenge umeandikwa katika orodha ya dunia ya miti iliyo hatarini kutoweka.

Kuna habari moja ya ebeni tunayotaka muikumbuke. Ebeni ni ule mti mweusi unaowekwa juu ya shingo ya gitaa, pale vidole vinapokanyaga nyuzi. Kwa miaka mingi wanunuzi walitaka weusi mtupu. Katika misitu ya Kameruni, mti ukiangushwa na kukutwa ndani una mistari ya kahawia, uliachwa uoze pale pale, maana hakuna aliyeulipia. Mwaka 2011 kampuni ya Taylor pamoja na kampuni ya Madinter ya Uhispania walinunua kiwanda cha ebeni huko Yaoundé, nao wakaanza kupokea pia mbao za mistari na kuwaambia wateja wao kwamba ni nzuri. Mti haukubadilika. Macho ya wanunuzi ndiyo yalibadilika, na mti uliokuwa ukitupwa ukapata bei.

Mkiwa dukani

Sasa tuje kwa pesa za kikundi. Yule anayetumwa Goma aende na mama mmoja, nao watazame mambo haya manne.

Kwanza, watazame ubavu. Mistari ya ubao wa kweli haiishii kwenye ukingo. Inateremka ubavuni, na mwishoni inaonekana kama vitobo vidogo vya njia za maji. Kama mbele kuna mistari mizuri na ubavu umepakwa rangi nzito, huenda ni ubao mwembamba uliogundishwa juu ya ubao mwingine. Huo si wizi, hata magitaa ya bei kubwa hufanywa hivyo. Ila inafaa mjue mnachonunua.

Pili, waliinamishe kwenye mwanga. Mistari ya mti ikitazamwa huku na huku inacheza, kama kitambaa cha satini. Karatasi iliyochapwa picha ya mbao haichezi, imelala tu. Tena picha hujirudia: mkiona jicho lile lile la mti mara mbili, mjue ni picha.

Tatu, waombe muuzaji afungue kifuniko cha plastiki kilicho nyuma. Ndani hakuna anayepiga rangi kwa uangalifu. Hapo mtaona kama ni ubao mzima au ni tripleksi, zile mbao nyembamba zilizopangwa kama kurasa za daftari.

Nne, watazame shingo kama wanavyotazama mpini. Waliweke jicho upande wa kichwa cha gitaa na kutazama chini: shingo iwe imenyooka, mishipa ikimbie kwa urefu, pasiwe na fundo. Mwilini mistari ya mawimbi inapendeza. Shingoni tunataka mnyoofu, maana nyuzi zinaivuta mchana na usiku, na za besi zinavuta zaidi.

Neno moja hapa. Katika gitaa la umeme, sauti kubwa inatoka kwa nyuzi na zile sumaku zilizo chini yake, zinazopeleka mtetemo kwenye ampli. Muuzaji akiwaambia lile la mistari mizuri linalia vizuri kuliko lile lililopakwa rangi nyekundu, msitoe pesa kabla ya kuyasikia yote mawili. Gitaa la rangi tupu si gitaa baya. Kampuni ya Fender, iliyotoa besi yake ya Precision mwaka 1951, ilipaka magitaa yake mengi rangi za magari, zile zile za kiwandani, na leo watu wanazitafuta. Uzuri wa ubao ni wa macho na mikono. Una thamani yake, ila usilipiwe kwa jina la sauti.

Likifika nyumbani

Gitaa lifutwe kwa kitambaa kikavu kila baada ya ibada, maana jasho linakula vernisi na chuma. Msilisafishe kwa petroli, mafuta ya taa wala sabuni ya unga. Msiliegemeze kwenye ukuta wa bati linalopigwa na jua, wala karibu na mbabula. Huku Masisi baridi na ukungu vinaingia kila kitu: lisilazwe chini kwenye udongo, litundikwe au liwekwe ndani ya mfuko wake. Kama ubao wake haukupakwa vernisi nzito, unahisi mishipa kwa kidole, mpakeni nta ya nyuki kidogo sana, halafu msugue hadi ukauke. Lile lenye vernisi ya kung'aa halihitaji nta.

Na watoto wetu?

Najua kuna mama atakayesema: "Mwalimu, tumekimbia mara ngapi? Tumeacha vitanda, kabati, milango. Wewe unatuambia habari ya mistari ya mbao?" Neno hilo ni zito na hatulidharau. Jibu letu ni hili. Kabati linaachwa, lakini jicho linaenda na mtoto popote anapokimbilia. Kijana anayejua kusoma ubao akifika mahali pasipo na mtu anayemjua, anaweza kuomba kazi kwa seremala na akaonekana siku ya kwanza.

Tazameni pia bei. Mbao zinatoka Walikale zimepasuliwa tu, mbichi, zinapakiwa kwenye gari na kwenda. Zinarudi zikiwa meza, kiti, gitaa, kwa bei ya mara nyingi. Kazi iliyo katikati si uchawi: randa, msasa, vernisi na subira. Msasa unafuata mishipa, haukatizi, kwanza mkali halafu laini. Ubao unalowanishwa kidogo ili manyoya yainuke, unakauka, unasuguliwa tena. Vernisi inapakwa nyembamba mara nyingi, si nzito mara moja. Anayefanya hivyo afunge kitambaa puani, maana vumbi la mvule na la libuyu linachoma pua na kifua.

Franco Luambo, aliyezaliwa 1938 na kuwa mkubwa wa rumba yetu, utotoni alianza na gitaa alilojitengenezea kwa kopo na nyaya. Huko Kinshasa fundi anayeitwa Socklo ametengeneza magitaa kwa miaka mingi kwa mikono yake, kwa vitu vinavyopatikana mjini. Basi katika nchi yenye libuyu na mvule, haiwezekani kusema kazi hii si yetu. Tena tunapotaja vijana tunataja na wasichana. Msichana anayepanga shanga anaweza kupanga mishipa ya mbao mbili ikutane katikati kama mabawa ya kipepeo.

Na msitu wenyewe? Anayeona libuyu kama kuni au ubao wa bei moja atakata kumi. Anayejua kwamba ubao mmoja uliopasuliwa vizuri unashinda mitano, atakata kidogo na kutunza mingine. Wamama wa Walikale wanajua kwamba juu ya sapelli huishi viwavi wanaoliwa. Mti ukianguka, na mboga imeanguka. Mti unaopita mita 45 haukui katika maisha ya mtu mmoja.

Kazi ya nyumbani juma hili: chukueni kipande cha ubao ambao haujapakwa kitu, mwite watoto, mpitishe kitambaa chenye maji. Mishipa na rangi zitatokea mara moja, kama zitakavyoonekana chini ya vernisi. Waulizeni wanaona nini, na mti huo unaitwaje kwa Kihunde, kwa Kinyanga au kwa Kikumu. Andikeni majina hayo, myalete kwenye mkutano wa kikundi. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaongea juu ya vikapu na mikeka.