Hita ya Maji, Kodi na Ndoo ya Dzaleka

Hoja mmeisikia. Imerudiwa mara nyingi Lilongwe, na huku kambi ya wakimbizi ya Dzaleka imetufikia kupitia simu za ndugu walioko ng'ambo. Inasema hivi: mtu akinunua hita ya maji inayobana umeme, au ile ya jua, akaifunga nyumbani kwake, serikali ya Malawi imsamehe sehemu ya kodi ya mapato. Kwa hatua hiyo, wanasema, misitu itapona, shirika la umeme la ESCOM litapumua na maskini atafikiwa. Nimewasikiliza kwa makini, na sina ugomvi na hita yenyewe. Ninachopinga ni njia wanayotaka ilipiwe, pamoja na sababu wanazotoa kuitetea. Ukizipanga sababu hizo pamoja utaona zinakanushana zenyewe. Nitazichukua moja moja, na ninyi wasomaji mtaamua.

Wanaanza na Marekani. Huko, wanasema, ukinunua hita nzuri serikali inakurudishia asilimia 30 ya gharama. Lilikuwa jambo la kweli, kwa masharti. Sheria iliyotiwa saini Agosti 2022 ilimruhusu mtu kudai asilimia 30 ya gharama ya hita inayotumia pampu ya joto, isizidi dola 2,000 kwa mwaka. Lakini alichopewa kilikuwa punguzo kwenye kodi anayodaiwa, si fedha mkononi. Chukua hita iliyogharimu dola 4,000. Asilimia 30 yake ni dola 1,200. Anayedaiwa kodi ya dola 5,000 anazipata zote. Anayedaiwa dola 700 anapata 700, na zile 500 zilizobaki hazilipwi wala hazisogezwi mwaka unaofuata. Asiyedaiwa kodi hapati kitu. Hita ni ile ile, bei ni ile ile, na aliyesaidiwa kidogo ndiye mwenye kipato kidogo. Ndugu zetu wengi waliotoka kambini kwenda huko wanaanza maisha kwa kupanga, na hita ya nyumba ya kupanga kwa kawaida ni ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba asiyeishi humo naye hakuruhusiwa kudai. Kisha kuna jambo ambalo wanaotuletea mfano huu hawalitaji kabisa: sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 ililikatisha punguzo hilo kwa vifaa vinavyofungwa baada ya tarehe 31 Desemba 2025. Kukatishwa kwake hakuthibitishi kwamba lilikuwa baya. Kunathibitisha kwamba anayelitaja kama mfano hai hakulifuatilia hadi mwisho.

Wakibanwa hapo wanageukia majirani. Afrika Kusini imefanya, Kenya imefanya, kwa nini Malawi isifanye? Tuangalie walichofanya hasa. Afrika Kusini ilitoa punguzo la kodi ya mapato kwa watu binafsi kuanzia tarehe 1 Machi 2023 hadi 29 Februari 2024: asilimia 25 ya gharama ya paneli mpya za umeme wa jua, isizidi randi 15,000. Paneli tu. Betri hazikuwamo, inveta hazikuwamo, na hita za maji za jua hazikuwamo. Hita zinazoonekana juu ya mapaa ya nyumba ndogo za vitongojini kule zilitokana na mpango mwingine, wa ruzuku ya shirika la umeme la huko, Eskom, ulioanza 2008, ambao haukumtaka mtu aonyeshe kodi yake ya mapato. Kenya nayo ilipita njia tofauti kabisa. Kanuni zake za mwaka 2012 ziliamuru kwamba jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku lifungwe mfumo wa jua wa kutosheleza angalau asilimia 60 ya mahitaji hayo. Hiyo ilikuwa amri kwa wenye majengo, haikuwa na uhusiano na fomu ya kodi. Basi mashahidi wawili waliowaleta wenyewe wanatoa ushahidi dhidi yao.

Hoja ya tatu ndiyo wanayoitegemea zaidi: nafuu hiyo itakuwa wazi kwa kila mlipa kodi, bila ubaguzi. Hapa naomba tusiende haraka.

Mlipa kodi gani? Mwenye mshahara Lilongwe hukatwa kodi na mwajiri wake kabla hajaushika, na wengi wao hawajawahi kukaa chini kujaza hesabu za mwaka. Ili adai nafuu ya hita itabidi awe na namba yake ya mlipa kodi, TPIN, aingie kwenye mtandao wa kodi wa Msonkho Online, aambatanishe risiti ya duka lililosajiliwa, kisha asubiri. Fundi wa mtaa wa Area 25, muuza nguo wa soko la Lilongwe na mwendesha kabaza (baiskeli au pikipiki ya abiria) hawamo kwenye mfumo huo, na wao ndio wengi mjini. Neno "kila mlipa kodi" linasikika kama watu wote. Kwa kodi ya mapato ya Malawi lina maana ya kundi dogo lenye ajira rasmi, na ndani ya kundi hilo ni wale tu wenye nyumba zao, wenye bomba ndani na tangi juu.

Na kinachomzuia mtu kununua hita ni fedha za siku ya kununua. Nafuu inayokuja miezi kadhaa baadaye haiwezi kulipia kifaa leo. Novemba 2023 kwacha ilishushwa thamani, dola ikapanda kutoka kama kwacha 1,180 hadi 1,700. Hita inayoagizwa kwa dola 600 ilikuwa na thamani ya kwacha 708,000; baada ya tangazo hilo ikawa 1,020,000, kabla hujagusa usafiri, ushuru wala ufundi. Aliyekuwa anadunduliza hakukosa motisha ya kodi. Alikosa kwacha 312,000 zilizoongezeka bila yeye kufanya kosa lolote. Mwenye uwezo wa kutoa milioni moja kwa mkupuo alikuwa na uwezo huo kabla ya nafuu, na mara nyingi angenunua hata pasipo nafuu. Kumlipa kwa uamuzi aliokwisha kuufanya ni kumpa zawadi kutoka mfuko wa wote.

Sasa tufike kwenye misitu na ESCOM, maana hapa ndipo hoja zao zinapopigana waziwazi. Upande mmoja wanasema hita za jua zitaokoa misitu. Upande wa pili wanasema zitaupunguzia umeme wa taifa mzigo wa jioni. Kwa mnunuzi yule yule, vyote viwili haviwezi kuwa kweli kwa pamoja. Mtu anayeoga maji ya hita ya umeme hachomi mkaa kuyachemsha. Akihamia jua, kinachookolewa ni umeme. Mtu anayechoma mkaa hana hita ya kubadilisha. Waliounganishwa na umeme wa gridi Malawi ni chini ya mtu mmoja kati ya watano, na zaidi ya kaya tisa katika kila kumi zinapikia kuni au mkaa. Msitu wa Dzalanyama, ambao ndio chanzo cha mto Lilongwe na cha maji yanayofika kwenye mabomba ya jiji hilo hilo, unakatwa kwa ajili ya magunia ya mkaa. Gunia hilo haliishii kwenye nyumba yenye hita ya lita 150. Wachague basi: ama nafuu hii ni ya umeme, ama ni ya misitu.

Wakichagua umeme, nawapa haki yao. Hita ya lita 150 ikipasha maji kutoka nyuzi 20 hadi 60 hula karibu yuniti saba, na nyumba nyingi hufanya hivyo saa zile zile za jioni ambapo majiko na taa vimewashwa. Umeme wetu mwingi unatoka mto Shire, kwenye mitambo ya Nkula, Tedzani na Kapichira. Kimbunga Ana kilipobomoa bwawa la Kapichira Januari 2022, karibu megawati 130 zilitoweka kwa zaidi ya mwaka, na kila mtu alielewa maana ya mzigo wa jioni. Kuziondoa hita hizo kwenye gridi ni faida halisi. Lakini faida hiyo haidai kodi ya mapato ndiyo iwe mlango wake. Ondoa kodi kwenye hita ya jua inapoingia nchini, na bei ishuke dukani kwa kila anayenunua, awe na TPIN au asiwe nayo. Watasema mfanyabiashara anaweza kuimeza tofauti ile asishushe bei. Anaweza, ndiyo, na bei za madukani zinaweza kukaguliwa. Lakini hata nafuu yao inamwachia mlango huo huo, kwa kuwa muuzaji akijua mteja atarudishiwa fungu fulani, yuko huru kupandisha bei kwa fungu hilo.

Inabaki hoja iliyonifanya nishike kalamu. Wanasema mpango huu utamfikia hata mkimbizi wa Dzaleka. Sijui ni nani aliyewaambia hivyo baada ya kufika hapa na kutazama.

Kambi hii iko Dowa, kilomita arobaini na kitu kutoka Lilongwe. Ilifunguliwa 1994 mahali palipokuwa gereza, ikapangwa kwa watu kati ya 10,000 na 12,000, na leo inabeba zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Nyumba ni za matofali ya udongo yasiyochomwa, na paa ni nyasi, turubai au bati juu ya nguzo nyembamba. Hita ya jua ya lita 150 ikijaa ina kilo 150 za maji peke yake, mbali na chuma chake. Inahitaji ukuta wa kuibeba, bomba la kuijaza na tangi lililo juu zaidi yake. Hapa maji yanapigwa kwa mkono kisimani au yanachotwa bombani kwa foleni, yanabebwa kichwani, yanamiminwa kwenye sufuria. Asubuhi ya Juni, baridi ya Dowa ikiwa imeshika, mama anapanga vipande vya mkaa kimoja kimoja kwenye jiko, kwa sababu alivyonunua ni fungu dogo la siku hiyo na bado kuna ugali wa mchana wa kupikwa. Sufuria ikianza kutoa mvuke anaimimina kwenye ndoo yenye maji baridi, anapima kwa kiganja. Mtoto anayekwenda shule anaogeshwa kwanza, wengine wanagawana kinachobaki. Kuipasha ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi 18 hadi 42 kunahitaji joto la kama nusu yuniti na kidogo. Joto ambalo hita moja ya Lilongwe hutumia kujaa mara moja linatosha ndoo kumi na mbili za namna hiyo.

Sasa mwambieni mama huyo adai nafuu ya kodi. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, ilitangaza kwamba vifungu kadhaa, vikiwamo vya ajira, umiliki wa mali na uhuru wa kutembea, itavichukulia kama mapendekezo yasiyoifunga kisheria. Sera ni kwamba mkimbizi aishi kambini. Mwaka 2023 sera hiyo ilikazwa. Mei mwaka ule waliokuwa wakiishi na kufanya biashara Lilongwe walikusanywa wakaletwa hapa, wengine wakiacha maduka na akiba zao. Mtu asiyeruhusiwa kuajiriwa hana mshahara wa kukatwa kodi. Asiyeruhusiwa kumiliki kiwanja hana nyumba ya kufunga hita. Kumtaja katika pendekezo ambalo kila sharti lake linamfungia nje ni kulitumia jina lake, na hilo halikubaliki.

Wengine wanasema kinyume chake: mkimbizi halipi kodi, kwa hiyo hana sababu ya kulalamika akiachwa nje. Kwanza, wanaosema hivi wanasimama upande mmoja na wale wanaosema mpango utamfikia. Wakubaliane wao kwa wao kwanza. Pili, si kweli. Kila anayeweka vocha kwenye simu hapa Dzaleka analipa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ndani ya bei ile, sawa na mbunge wa Lilongwe. Mfuko utakaogharamia nafuu ya hita umejazwa na kodi hiyo pia. Kwa hiyo mama wa ndoo anachangia hita ya jirani wa mjini, kisha anaambiwa hakuchangia.

Mwishoni husema hakuna njia nyingine ya kumfikishia mwananchi kifaa cha kubana nishati. Ipo, na Malawi imeshaitumia. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 ESCOM ilibadilishana na wateja wake balbu za zamani kwa balbu za kubana umeme, bure. Mteja alileta ya zamani akaondoka na mpya. Jiko la udongo la chitetezo mbaula, ambalo vikundi vya kina mama wa Malawi hulifinyanga na kulichoma wenyewe, linapunguza kuni bila kuhitaji bomba, paa wala umeme, na linaweza kugawiwa kwa mtindo ule ule, Dowa mjini, Dzaleka na vijiji vinavyopakana nayo. Wanaotetea nafuu ya kodi watuonyeshe hesabu: kwa fedha watakayosamehe kwenye hita moja ya milioni moja, ni majiko mangapi ya udongo yangenunuliwa, na ni mafungu mangapi ya mkaa yasingechomwa. Katika yote waliyosema, hesabu hiyo sijaisikia.